Saa Iliyochelewa Kila Ijumaa

Kila alfajiri tanuri la mwoka mikate lilikuwa limeshashika moto. Mumewe, fundi wa kiwanda cha mbao, alikunywa chai huku jicho likiwa ukutani, kwenye saa ya marehemu baba yake. Mke ndiye aliyeihamishia hapo mwezi huo, juu ya tanuri, apate kuhesabu dakika za mikate. Mama mkwe aliitia ufunguo kila jioni. Jumapili waliisahihisha kwa redio ya jirani. Enzi hizo simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Saa ikisema bado, mtu anaamini bado.

Jumatatu mume aliwahi. Jumatano alikimbia. Ijumaa alikuta geti limefungwa. Ijumaa ya tatu akarudi na barua: akichelewa tena, hana kazi.

Nyumba ikachafuka. Mke akanong'ona kwamba mama amezeeka, anasahau, pengine anairudisha nyuma mishale ya saa bila kujua. Mume hakumkanya. Mama alisikia.

Wakaipeleka saa kwa jirani yao fundi saa, mwanamke waliyemwita Mama Lenzi, maana kioo chake cha kukuzia hakikumtoka jichoni. Alikaa nayo siku nne. Haikupoteza hata dakika.

"Saa hii haina ugonjwa," alisema. "Nionyesheni inapokaa."

Alipofika aliweka kiganja ukutani, akatikisa kichwa. Kisha akaifungua saa na kuwaonyesha gurudumu dogo likienda na kurudi, na katikati yake kamani, waya uliojiviringa, nyembamba kama unywele. Kamani hiyo, alieleza, ndiyo inayolirudisha gurudumu. Ni ya chuma, na chuma kikipata joto hulegea.

Mume akacheka. Yeye chuma anakijua. Hakilegei mpaka kiwe chekundu.

"Hakingoji kuwa chekundu, shemeji. Joto la ukuta huu linatosha. Kinalegea kidogo mno, jicho halioni. Lakini gurudumu hili linacheza zaidi ya mara laki nne kwa siku, na kila mara linachelewa kidogo. Kwa siku moja umepoteza dakika tatu. Ikifika Ijumaa, robo saa. Kikipoa, nguvu zake zinarudi."

Mume aliinama, akalitazama lile gurudumu kwa muda mrefu. Miaka ishirini ameshika misumeno akidhani chuma ni kitu kilichokufa. Kumbe kinasikia joto, kinalegea, kinajikaza tena, na hakuna anayejua.

Saa wakaihamishia sebuleni, mbali na moto na jua. Ijumaa mume alifika kiwandani kabla geti halijafunguliwa. Mlinzi akamuuliza kama alilala hapo nje.

Jioni mke alikwenda kuketi karibu na mama mkwe.

"Mama, nisamehe. Nilikushuku bure."

"Nimekusamehe, mwanangu. Hata mimi nilishaanza kujishuku."