Jiwe la Nusu Kilo

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake mtaani Kayole, Mzee Burale alikuwa na desturi ambayo wateja hawakuiona. Alizifuta sahani mbili za mizani kwa kitambaa kikavu, akazisubiri zitulie, kisha akamwita binti yake.

"Deeqa, njoo utazame. Ziko sawa?"

"Ziko sawa, Baba."

"Tazama vizuri. Mteja hajafika, lakini haki yake imekwisha kufika."

Maduka ya jirani yalikuwa na mizani ya betri, lakini Mzee Burale aliishikilia ile ya zamani pamoja na mawe yake ya chuma: jiwe la kilo, la nusu kilo na yale mawili ya robo. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kununua mchele na sukari kwake kwa sababu waliuamini mkono wake. Deeqa, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, aliyajua mawe hayo kama alivyovijua vidole vyake.

Mama yake, Nafiso, alishinda dukani pia. Alifunga sukari kwenye mifuko, akapakua maharagwe, akapanga sabuni kwenye rafu. Nyuma ya pazia, juu ya godoro dogo, alilala Hirad, mtoto wao wa miezi mitatu. Hirad alipolia, Mama alisema, "Nakuja, mwanangu. Nimalize huyu mteja mmoja." Lakini nyuma ya mteja huyo alikuwapo mwingine, na nyuma ya huyo mwingine tena. Chakula cha mchana cha Mama kilikuwa chai ya rangi, aliyoinywa akiwa amesimama.

Siku hizo za likizo ya Agosti, nyumba yao ilikuwa na wasiwasi. Hirad alikuwa hanenepi. Alicheka, alipiga mateke, alifuata sauti kwa macho, lakini kila alipopimwa kwenye kituo cha afya aliongeza uzito kidogo tu. Mara ya mwisho, muuguzi alimtaka Mama amrudishe baada ya wiki moja. Wanawake waliokaa kwenye benchi walinong'onezana, na Mama akajifunika uso kwa shali mpaka alipofika nyumbani.

Jioni hiyo alikuja Shangazi Ambaro kutoka Ziwani. Alikuwa dada mkubwa wa Mzee Burale, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Kwa hiyo, neno lake halikurudishwa katika nyumba ile.

"Nafiso, sisemi kwa ubaya," alisema huku akimpakata Hirad. "Mtoto wa miezi mitatu ukimbeba, mkono huchoka. Huyu nikimbeba nahisi nimebeba shali tupu. Maziwa yako hayamtoshi."

"Ananyonya, Dada," Mama alijibu kwa sauti ya chini.

"Kama hayamshibishi, yana faida gani? Wiki ijayo, asipoongeza vya kutosha, nitakuja kumchukua. Nitamlea Ziwani kwa maziwa ya ng'ombe na uji mpaka anone. Wewe utabaki hapa umsaidie mumeo."

Mama alimtazama Baba. Baba aliitazama mizani yake.

Kesho yake mchana, Deeqa alisikia sauti nyuma ya pazia. Alichungulia, akamwona Mama amemkumbatia Hirad, mabega yakimtikisika. Deeqa hakuwahi kumwona mama yake akilia. Aliduwaa hapo penye pazia, mkebe wa chumvi ukiwa mkononi, mpaka mteja alipomwita mara ya tatu.

Alipotoka nje kumwaga takataka, alimkuta Kui, mtoto wa jirani yao, ameketi kwenye ngazi na wenzake.

"Niaje, Deeqa?" Kui alisema. "Hebu tuambie, huyo mtoi wenu mnampima kwa mizani ya duka ama ile ya dhahabu?"

Watoto wenzake walicheka. Deeqa aliwapita, akaenda kumwaga takataka. Hata hivyo, neno lile, mizani, liliingia kichwani mwake likakataa kutoka.

Siku ya kupimwa ilipofika, kulikuwa na baridi kali. Baba alibaki dukani. Deeqa alimsindikiza Mama, akiwa amevaa koti lake la shule. Chini ya kwapa lake la kushoto alikuwa amelibana jiwe la nusu kilo tangu nyumbani, ili lipate joto la mwili. Hakutaka Hirad ashtuliwe na ubaridi wa chuma.

Katika ukumbi wa kituo cha afya, mizani ya watoto ilining'inia kwenye boriti. Ilikuwa na uso wa duara kama saa, na chini yake ndoano ya kutundikia suruali ya kitambaa ambamo watoto walitiwa. Aliyepima alikuwa Bwana Sylvance, mhudumu wa afya wa mtaa, mtu mcheshi aliyeyajua majina ya watoto wote.

"Leo kuna baridi, akina mama," alitangaza. "Msiwavue nepi. Uzito wa nepi nitautoa mwenyewe."

Mama alipoinama kukitafuta kijitabu cha kliniki mkobani, alimkabidhi Deeqa mtoto. "Mvalishe suruali ya kupimia, mwanangu."

Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Jiwe lilitoka kwapani likaingia ndani ya nepi. Hirad alikunja uso kidogo, kisha akatulia.

Mshale ulizunguka. Bwana Sylvance aliusoma, akapangusa miwani yake, akausoma tena.

"Mama Deeqa," alisema polepole, "huyu kijana ameongeza zaidi ya nusu kilo."

Machozi yalimtiririka Mama, safari hii akiwa anatabasamu. Deeqa alimshusha Hirad upesi, akalichomoa jiwe na kulitumbukiza katika mfuko wa koti.

"Umempa nini?" aliuliza Mama Kui, aliyekuwa kwenye benchi na mwanawe mnene, Gichuru. "Huyu wangu, watu wanasema eti nimemfungulia gunia la viazi. Kumbe na wewe umelifungua lako."

Mama alicheka. Akaitoa simu, akampigia Shangazi Ambaro. "Dada, usije kumchukua. Ameongeza. Ndiyo, nusu kilo na zaidi."

Deeqa alihisi furaha imemjaa kifuani. Furaha hiyo haikudumu.

Chumba cha pili kilikuwa cha Sista Waruguru, muuguzi mkuu. Sista alikifungua kijitabu, akasoma, na uso wake ukabadilika. Hakutabasamu kama Deeqa alivyotarajia. Alikwenda mlangoni akamwita Bwana Sylvance.

"Ni wewe uliyempima huyu mtoto?"

"Ni mimi, Sista. Nilisoma mara mbili. Hata mimi nilishangaa."

Sista alimlaza Hirad kitandani. Alibonyeza nyayo zake kwa kidole gumba, akazitazama kope zake, akasikiliza kifua.

"Mama, uso wake ulikuwa umevimba alipoamka leo?"

"Hapana," Mama alijibu. "Lakini Sista, si ni habari njema? Ameongeza."

"Hakuna mtoto anayenenepa hivi kwa wiki moja," Sista alisema. "Uzito unaokuja ghafla namna hii mara nyingi huwa ni maji mwilini, na huenda yakatokana na ugonjwa wa figo au wa moyo. Sioni uvimbe, na jambo hilo linanitatiza zaidi. Siwezi kukuruhusu urudi nyumbani. Nitawapeleka hospitali sasa hivi, atolewe damu, wamchunguze."

Mama alishika ukingo wa meza kana kwamba sakafu ilikuwa imeinama. "Moyo?" aliuliza. "Moyo wa mwanangu?"

Deeqa alikuwa amewaza kuhusu mshale wa mizani tu. Hakuwaza kamwe kwamba mtu angeusadiki mshale huo kiasi cha kumchoma mtoto sindano. Akisema, Hirad angechukuliwa na Shangazi. Asiposema, angechukuliwa na gari la wagonjwa, na Mama angezimia hapo hapo. Hirad, akiwa kitandani, alimtazama dada yake akacheka bila meno.

Deeqa alitia mkono mfukoni, akaliweka jiwe juu ya meza.

"Si maji," alisema. "Si ugonjwa, Sista. Ni hili. Nililitia kwenye nepi."

Bwana Sylvance aliivua miwani yake. Mama alilitazama lile jiwe kwa muda mrefu, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Jiwe la baba yako," alisema. Deeqa aliona heri angepigwa kofi.

Sista Waruguru hakumkaripia. Alimvua Hirad nguo zote, akampima tena yeye mwenyewe. Mtoto alikuwa ameongeza gramu mia moja na ishirini.

"Sasa nieleze sababu," alimwambia Deeqa.

Deeqa alieleza yote: Shangazi, Ziwani, uji, na kilio cha nyuma ya pazia. Mama alipomsikia akikitaja kilio, aliyainamisha macho.

"Sikiliza kwa makini," Sista alisema. "Dawa ya mtoto hutolewa kulingana na uzito wake. Iwapo ningeuacha uzito huu wa uongo, kisha kesho kutwa Hirad apate homa, angepewa dawa ya mtoto mkubwa kuliko yeye. Na kama kweli angekuwa mgonjwa, ningesoma kijitabu hiki nikasema amenona, nikamrudisha nyumbani. Ulitaka kumwokoa ndugu yako, lakini ungeweza kumdhuru."

Deeqa hakuwahi kulifikiria hilo. Aliketi.

Sista alimgeukia Mama. "Sasa tumzungumzie mtoto wa kweli, si mtoto wa jiwe. Macho yake ni maangavu. Analowesha nepi vizuri?"

"Sana. Kamba ya nguo haina nafasi."

"Urefu wake unaongezeka, kichwa kinakua, na uzito unapanda kila mara, ingawa polepole. Alizaliwa mdogo. Baba yake ana mwili gani?"

Mama alitabasamu kidogo. "Baba yake hununua suruali za wavulana wa shule."

"Basi huyu ni mtoto mzima, mwenye mwendo wake mwenyewe. Hahitaji maziwa ya ng'ombe wala uji kabla ya miezi sita; tumbo lake halijawa tayari. Anachohitaji ni wewe. Jana mchana ulikula nini?"

"Chai."

"Na Hirad akilia, unamnyonyesha papo hapo?"

"Nikimaliza wateja."

"Nani hukusaidia?"

Deeqa aliitazama mikono ya mama yake iliyopasuka kwa sabuni, akashtuka kwa mara nyingine. Wote walikuwa wamemtazama mtoto. Hakuna aliyemtazama mama.

"Mnyonyeshe kila anapotaka, mchana na usiku," Sista alisema, "na umwache amalize titi la kwanza kabla ya kumpa la pili. Wewe nawe ule, unywe maji, ulale anapolala. Akikataa kunyonya, akiwa na homa, akilegea au nepi zikianza kukauka, mlete siku hiyo hiyo. Pasipo hayo, mrudishe baada ya wiki mbili. Na uje na baba yake."

Walipofika dukani, Shangazi Ambaro alikuwa ameshawasili na kilo mbili za nyama kusherehekea. Deeqa aliwaamkia, kisha akaliweka jiwe juu ya meza mbele ya Baba na Shangazi na kueleza alichokifanya. Hakumwachia Mama kazi hiyo.

Mzee Burale alilishika jiwe. "Tangu asubuhi nimelitafuta," alisema. "Nimepima nusu kilo kwa mawe mawili ya robo, nikidhani nimeibiwa na mtu wa nje."

Shangazi aliketi juu ya gunia la mchele. "Kwa sababu ya maneno yangu? Mtoto apelekwe hospitali kwa sababu ya ulimi wangu?" Alimgeukia Mama. "Nafiso, nilidhani nasaidia. Sitamchukua Hirad. Nitakuja mimi. Dukani hapa nitauza mimi asubuhi, na nyama hii ni yako peke yako. Burale atakula maharagwe."

"Nitakula," Baba alisema.

Maneno yakawa vitendo. Shangazi aliuza dukani, na wateja wakajifunza kumwogopa. Mama Kui alipopata habari, alimtuma Kui kuja kusaidia kufua nepi, na Kui alifua bila mzaha wowote. Deeqa alipewa kazi ya kuzifuta sahani za mizani kila asubuhi, na sasa Baba ndiye aliyeitwa kuzitazama. Nyuma ya pazia, Hirad alipolia, Mama alikwenda.

Wiki mbili zilipopita, Mzee Burale alilifunga duka na kuongozana nao. Bwana Sylvance alipomwona Deeqa, aliiweka kalamu chini.

"Deeqa, mikono juu."

Deeqa aliiinua mikono yote miwili, na benchi zima likacheka, Mama naye pamoja nao. Hirad alitundikwa akiwa uchi, akipiga mateke. Mshale ulipita kidogo uzito wake wa kweli wa mara ya mwisho, ukasimama chini ya pale ambapo jiwe lilikuwa limeufikisha. Mama aliutazama bila kujifunika uso.

Njiani, Mzee Burale alimbeba mtoto mwenyewe.

"Deeqa," alisema, "mizani haimpi mtu kitu. Kazi yake ni kutuambia ukweli, ili tujue ni nani anayehitaji msaada wetu. Ukiidanganya, umemnyima msaada yule yule unayempenda. Mimi sikuidanganya, lakini nimeisoma kila siku kwa ajili ya wateja, nisimtazame mama yako aliyekuwa kando yangu. Tusirudie makosa hayo, wewe na mimi."

"Hatutarudia, Baba."

Alimhamisha Hirad kutoka bega moja hadi jingine, akatembea hatua chache, kisha akasimama.

"Kumbe," alisema, "mkono unaanza kuchoka."