Chatu wa Marehemu Steven

Haya yalimkuta rafiki yangu Evelyn, pale Kariakoo, muda mfupi baada ya kumzika mumewe, Steven. Marehemu alimwachia chatu mdogo ndani ya sanduku la kioo, anayetaka joto na unyevunyevu wakati wote, la sivyo atakufa. Evelyn hakumpenda wala kumchukia. Alimpulizia maji kwa chupa ya kunyunyizia, kama mtu anayefagia uwanja.

Mchana ule balbu ya joto iliungua, akashuka dukani.

"Hii inachoma, dada. Ya vifaranga?" muuzaji aliuliza.

"Ya nyoka."

Muuzaji akamfungia balbu.

Aliporudi, umeme ulikuwa umekatika jengo zima. Akapanda ngazi gizani. Mlangoni kwake, anakoishi peke yake, alisikia ndani chupa ikipulizia maji: fss, fss. Akafungua. Sauti ikakoma.

Akawasha tochi ya simu. Udongo wa sandukuni ulikuwa umelowa, na kioo kilikuwa cha moto. Hakuogopa, tangu msiba hakuwa akihisi chochote.

"Steven?" akaita taratibu.

Chatu akainua kichwa. Kikageuka polepole, kama kinamfuata mtu anayevuka chumba, mpaka kikatulia, kikitazama nyuma tu ya bega la Evelyn.