Mkanda wa Kapteni Feliksi

Kufuli halikuvunjwa. Stoo ya uwanja wa ndege wa Kigoma ilikuwa imefungwa vizuri, lakini sanduku moja la sindano za malaria halikuwemo. Kambini, watoto wa wakimbizi walikuwa wakiisubiri dawa hiyo, na malaria haina subira.

Inspekta Skolastika alipofika, mtuhumiwa alikuwa tayari amefungwa pingu. Ni Arakaza, mtunza stoo, mtoto wa wakimbizi wa zamani kutoka Burundi, raia wa Tanzania siku nyingi.

"Kwa nini yeye?"

"Alisaini kwamba amepokea mzigo wote," Alphonce, meneja wa kampuni ya ndege, akasema.

"Mvua ilikuwa inamwagika, mama," Arakaza akalalamika. "Nilimwamini Kapteni aliyeuleta, nikasaini kabla ya kuhesabu. Kuiba sikuiba. Imana irabizi, Mungu anajua!"

"Nyumba yake imepekuliwa?"

"Ndiyo, afande," akajibu konstebo. "Kule mtaani Mwanga, mpaka ndani ya magunia ya muhogo. Hamna kitu."

"Na ndege?"

Alphonce akacheka. "Ya nini? Kapteni Feliksi amesafishwa na mkanda."

Marubani wote wa kampuni walivaa mkanda mkononi. Ulisoma jasho la ngozi, ukawasha taa yake ndogo na kuchora mstari kwenye kompyuta: kijani kwa aliyetulia, nyekundu kwa mwenye hofu. Mwenye nyekundu hakupewa ndege. Mstari wa Feliksi wa jana, kutoka Mwanza hadi kukabidhi mzigo, ulikuwa kijani mwanzo mwisho.

"Mwizi lazima atetemeke," Alphonce akasema. "Huyu hakutetemeka."

"Na Arakaza?"

"Huyo hana mkanda."

Kumbe mwenye mashine ni mwema, asiye nayo akalale mahabusu! Skolastika alikasirika, lakini akayameza maneno yake na kuukazia macho ule mstari wa kijani. Jana alasiri yeye alikuwa Ujiji. Radi ilipasua mchikichi mbele yake, na upepo ukang'oa mabati ya nyumba ya jirani.

"Ndege ilipita kwenye dhoruba ile?"

"Katikati kabisa! Abiria walitapika, wengine wakaungama dhambi kwa sauti. Kapteni kijani tu. Shujaa!"

"Hata shujaa hutoka jasho, bwana. Niletee huo mkanda."

Akaunusa. Harufu ile aliijua tangu utotoni: mafuta ya mise, yanayokamuliwa kwenye kokwa za mchikichi. Mama wa Kigoma humpaka mtoto mchanga, maji yakateleza juu ya ngozi. Jasho nalo lisingeufikia mkanda.

"Arakaza, mikanda huchajiwa stoo kwako. Hukuisikia harufu hii?"

"Niliisikia, mama. Nikamtania juzi: 'Kapteni, mbona unapakwa mise, umezaliwa lini?' Hakucheka."

"Konstebo! Pekua ndege."

Sanduku lilikuwa mkiani, limefunikwa kwa majaketi ya kuokolea maisha. Lakiri haikuguswa. Sanduku halikuwahi kuteremshwa.

Feliksi aliletwa akiwa amejinyoosha, sare imepigwa pasi.

"Kapteni, nawa mkono kwa sabuni. Kisha vaa mkanda wako."

Akanawa, akavaa. Taa ikawaka nyekundu kabla hajaulizwa swali.

"Injini ilinizimikia juu ya ziwa mwaka jana," akasema. "Tangu hapo, kila nikikamata usukani roho inanitoka. Mkanda ungeninyima ndege. Mimi, rubani wa kwanza mtaani kwetu Ujiji! Nikapaka mise. Huyu Arakaza akanigundua. Nikasema akifukuzwa kwa wizi, hakuna atakayemsikiliza."

"Kwa sababu ni Mrundi?"

"Ndiyo."

"Na watoto wa kambini?"

"Ningelirudisha sanduku."

"Lini?"

Feliksi akauvua mkanda, akauweka mezani.

"Kuogopa si kosa, Kapteni. Ungesema, ungepumzishwa. Kuiba dawa na kumsingizia mtu, hilo utalijibu mahakamani."

Pingu zikahama mikono. Arakaza alilibeba sanduku mwenyewe hadi kwenye gari la kambi, na akina mama wafagizi wa uwanja wakampigia vigelegele mpaka gari likapotea kwenye barabara ya Mwandiga.

Alirudi akitabasamu, akauchukua mkanda mezani na kujivika. Taa ikawaka nyekundu.

"Unaogopa nini tena?" Alphonce akauliza.

"Siogopi, mzee. Nimefurahi!"

Alphonce akaitazama kompyuta yake, kisha akaizima.