Miadi ya Tadeo

Mara ya kwanza ya mazoezi Lameck hakuitika kabisa. Mara ya pili aliitika kwa kuchelewa. Mara ya tatu dada yake Sidonia alipoita "Tadeo Batholomeo" kwa ile sauti ya manesi, ya puani, ya kumwita mtu huku ukimwombea asiwepo, Lameck akasema "naam" sawasawa, na nyuma ya pazia la chumba cha marehemu kaka yao ikasikika "naam" nyingine, nzito kidogo, yenye kikohozi ndani yake.

Walitazamana. Ilikuwa saa nane mchana, Kikuyu ya Dodoma, jua la Septemba linachoma bati mpaka linalia, na ndani ya nyumba walikuwa wao wawili tu.

"Mwangwi," alisema Sidonia.

Lameck alikuwa na digrii ya mipango miji, GPA ya tatu nukta nane, na kwa miaka mitatu kazi pekee aliyoipata ni ya kuambiwa asubiri. Lakini hata bila digrii mtu anajua kuwa chumba kidogo chenye godoro na nguo za maiti hakitoi mwangwi. Hakubisha. Alikuwa na makubwa zaidi ya kubishania: miguu yake, iliyovimba hadi ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale pale, na mkojo wake, uliotoka na povu utadhani umetiwa sabuni. Daktari wa kituo cha afya alikuwa akitaniana naye kuhusu Simba na Yanga hadi alipoyasoma majibu ya vipimo. Utani ukaishia hapo. Akaandika rufaa kwa bingwa wa figo na kumwambia asichezee hii kitu, kama kweli anapenda kuzeeka.

Sawa, lakini kwa bima gani? Bima ya wazazi humtema mtu akishakua, na bima ya mwajiri inataka mwajiri. Ndipo Sidonia alipochomoa kadi ya kaka yao Tadeo kutoka ndani ya Biblia. Tadeo alilipia mwaka mzima mwezi wa kwanza, akaishi ndani yake miezi miwili na siku nne. Alivimba hivi hivi, akasema ni uchovu, akakata pumzi jikoni akichemsha chai. Walimzika Bahi wakati majaruba ya mpunga yamefurika, kaburi likichimbwa huku linajaa maji, udongo mweusi ukigoma kubanduka kwenye koleo. Kifo chake hakuna aliyekwenda kukiandikisha. Mwanzoni ilikuwa uzito wa msiba. Baadaye ikawa ujanja.

"Sura ni moja," Sidonia alisema. "Punguza ndevu, vaa shati lake la bluu, full stop. Ukishapona tutatubu."

Miadi ilikuwa baada ya wiki saba. Karatasi ya maelekezo ilitaka majibu yote ya zamani, orodha ya dawa zote anazotumia, pamoja na zile za miti shamba ambazo watu huzifichaga, na mkojo wa saa ishirini na nne kwenye dumu safi lenye jina la mgonjwa. Sidonia aliandika TADEO BATHOLOMEO kwenye plasta, akaibandika kwenye dumu la lita tatu. Lameck akakariri tarehe ya kuzaliwa ya kaka yake. Akajifunza sahihi yake, ile yenye mkia mrefu, na kwenye jaribio la saba mkono ukaumalizia mkia wenyewe, yeye akiwa ameshaamua kuinua kalamu.

Kuanzia hapo nyumba ikaanza kunuka udongo uliolowa. Dodoma, Septemba, upepo unabeba vumbi tupu, majirani wanagombania maji ya bomba kwa zamu, halafu sebuleni kwao kunanuka jaruba. Sidonia alideki kwa dawa ya choo na harufu ikarudi kabla sakafu haijakauka. Asubuhi moja Lameck alilikuta shati la bluu limelowa kwapani. Lilikuwa vuguvugu, kama lililovuliwa sasa hivi. Na kadiri alivyozidi kulizoea jina la kaka yake, ndivyo uso wake ulivyozidi kujaa maji, hadi macho yakabaki mistari miwili.

Sidonia, mwimba kwaya wa kanisani, ndiye aliyesema waende kwa Bibi Asma kule Chang'ombe ya hapo hapo Dodoma, mama mwenyeji wa Kondoa aliyesifika kwa kutoa majini, ila mchungaji asijue. Wakamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza ni yupi kati yao anayekufa, maana yeye aliona wote wamefanana na wafiwa.

Wakamweleza. Bibi alikuwa tayari amewasha ubani. Aliposikia habari ya kadi, akauzima kwa maji. Alisema jini angemtoa, jini ni mgeni. Huyu si mgeni.

"Mmemwita kwa jina lake, mkamtolea nguo, mkamwekea na miadi," alisema. "Mtu alikufa akitaka kupona. Nyie wasomi mlidhani hatakuja?"

"Bibi, nisipoitumia ile kadi nakufa," Lameck alisema.

"Nenda na kadi yako. Lakini jina likiitwa, usiitike, na usinyamaze. Simama useme mwenye jina hili amekufa. Akishapita ule mlango kwa jina lake, mimi simwezi. Mchungaji wenu ndiyo kabisaa."

Njiani Sidonia alisema bibi anaongea kirahisi, yeye figo zake zinafanya kazi. Kutamka vile mbele ya manesi ni kuichana kadi na rufaa na wiki saba kwa mkupuo mmoja. Lameck alijua ni kweli. Alijua pia kuwa bibi hakuwa amedai hata soda, na watu wasiodai kitu ndio wa kuogopwa.

Siku ya kukusanya mkojo alianza saa kumi na mbili asubuhi. Kutwa nzima alikunywa maji kama alivyoelekezwa, na kutwa nzima mwili uliyazuia. Hadi jua linazama, dumu lililowekwa bafuni ndani ya beseni la maji baridi lilikuwa na kiasi kisichojaza kikombe. Sidonia aliliangalia, akaangalia pembeni, akasema labda usiku kibofu kitafunguka.

Kilifunguka. Saa kumi na moja alfajiri Lameck aliamshwa na mlio wa mtu anayekojoa. Alilala kimya akiusikiliza, akijiambia ni Sidonia, halafu akamsikia Sidonia akigeuka kitandani kwake upande wa pili wa ukuta, akajiambia ni jirani, lakini ule mlio ulikuwa wa kwenye plastiki, ulikuwa bafuni kwao, ulianza juu ukashuka taratibu kuwa mzito jinsi dumu linavyojaa, mkojo wa mwanamume mzima asiye na haraka wala ugonjwa, ukaendelea hadi mtu yeyote aliye hai angekuwa amekwisha, ukaendelea, na katikati yake kikasikika kile kikohozi cha nyuma ya pazia, kisha pumzi ya raha ikashushwa, ile pumzi ya mtu aliyebanwa tangu mwezi wa tatu, na Lameck, ambaye kibofu chake kilikuwa kimekauka kabisa, akahisi miguu yake inazidi kukaza ndani ya shuka kana kwamba kwa kila tone linaloingia dumuni kule bafuni, jingine linamiminwa mwilini mwake.

Dumu lilikuwa limejaa hadi shingoni. Mkojo safi, wa njano hafifu, hauna povu. Kwenye saruji kulikuwa na nyayo mbili za udongo mweusi, zimesimama kulielekea.

"Dada, mwaga," alinong'ona.

"Nimwage, tupeleke nini?" Sidonia alinong'ona pia, akakaza kifuniko. "Daktari ni leo, Lameck. Leo."

Hospitali ilikuwa na viyoyozi, runinga, vigae vinavyong'aa. Sidonia alikabidhi dumu na kadi dirishani, kadi ikasoma. Wakakaa kwenye benchi. Lameck alikuwa na maneno manne mdomoni. Mwenye jina hili amekufa. Aliyarudia na kuyarudia, na nyuma yake yakapanga foleni mengine: kwamba huyu daktari anakuja mara moja kwa wiki, kwamba kusema ukweli nchi hii ni anasa ya wenye ajira, kwamba mtu huitwa mara tatu kabla ya kurukwa, kwa hiyo ya kwanza aiache ipite, aone.

"Tadeo Batholomeo."

Akanyamaza.

Nesi hakuita tena. Alimtabasamia mtu aliyekuwa akipita mbele yao, mtu ambaye wao hawakumwona, akamshikilia mlango, akamwambia pole kwa kusubiri kaka. Mlango ukafungwa. Harufu ya jaruba ikapita puani mwao, na kwenye vigae vyeupe ikabaki safu ya nyayo nyeusi, zimelowa, zinakwenda ndani tu. Sidonia aliuma kiganja chake asipige kelele.

Hapo ndipo Lameck aliposimama, kwa ile miguu, akaenda dirishani na kusema yote. Jina lake ni Lameck. Hana bima. Kadi ni ya marehemu, kafa mwezi wa tatu. Karani akamkaripia mbele ya benchi zima, akaizuia kadi, akatishia polisi. Kisha, akiwa bado anamkaripia, akamwelekeza chumba cha ustawi wa jamii, na huko mama mmoja akaitazama miguu yake, asiulize mengi, akagonga muhuri wa msamaha wa gharama. Dakika ishirini. Mlango huo ulikuwepo siku zote. Yeye na digrii yake hakuwahi kuuliza.

Saa saba aliingia kwa jina lake mwenyewe. Nyayo zilikuwa zimepigwa deki, harufu hakuna, na kwa mara ya kwanza kwa wiki saba alivuta pumzi ikafika chini. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza kwa utaratibu: dawa, presha, alianza kuvimba lini. Kisha akauliza kama kwao kuna aliyewahi kuugua figo.

"Kaka yangu," Lameck alisema. "Alivimba hivi hivi."

"Ee, Tadeo. Nimemwona asubuhi, mmefanana kweli." Daktari aliendelea kuandika. "Yule ana nafuu kubwa sana. Mkojo wake mzuri kuliko wangu."

"Daktari, Tadeo alikufa."

Aliguna, kama mtu aliyezoea utani wa ndugu, akafungua kitabu cha miadi.

"Na yeye ni hivyo hivyo. Aliniambia na wewe unakuja, nikataka niwawekee siku moja ya kurudi, akakataa. Kasema wewe nisikupangie tarehe, hutaihitaji, atakupitia mwenyewe kabla ya Ijumaa." Akainua macho juu ya miwani. "Kwani mnahamia wapi?"