Kinyago Kilicholishwa Uji

Jioni ile Tulinagwe aliteremka kwenda kutoa vyungu motoni. Kwa mwanamke wa Lyulilo, kijiji cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa, hiyo ni kazi ya kawaida kama kufagia uwanja. Mgongoni alimbeba binti yake, Asifiwe, mtoto wa kunyonya aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza uji. Mkononi alishika kikombe cha plastiki chenye uji ambao mtoto aliubakiza.

Alikuwa amechoka. Tangu alfajiri alikuwa amekanda udongo, amechota maji, amefua, ameanika usipa, dagaa wa ziwani, wa mama mkwe. Mume wake, Yotamu, alikuwa kambini kwa wavuvi, na habari zake zilikuja kwa kupitia watu. Uchovu wa namna ile hauumi. Unakaa tu ndani ya mifupa, kama mgeni asiye na siku ya kuondoka.

Moto ulikuwa umelala. Nyasi na matete yaliyofunika vyungu yalikwisha kuwa majivu meupe, na vyungu vilichomoza migongo yao myekundu. Akachukua mti mrefu akaanza kuvitoa kimoja kimoja.

Cha mwisho hakikuwa chungu.

Kilikuwa uso.

Aliufinyanga yeye mwenyewe, kwa hiyo hakushtuka. Ilikuwa kazi ya nesi Adela, msichana wa Moshi aliyepangiwa kazi kwenye zahanati yao. Adela alipenda michezo ya kompyuta kuliko chakula. Huko Dar es Salaam kulikuwa na mashindano ya watu kuvaa kama wahusika wa michezo hiyo, naye alitaka kwenda kama Mfalme wa Majivu, adui mkubwa wa mchezo wake, ambaye alimaliza falme saba na bado hakukaa chini. Vazi zima alilitengeneza kwa mikono yake. Magamba ya kifua aliyakata kwenye ndara zilizochakaa. Mabega aliyapanga kwa maganda makavu ya kakao kutoka Bujonde. Joho lilikuwa magunia ya mchele yaliyopakwa masizi. Kinyago tu ndicho kilichomshinda. Alikitengeneza kwa maboksi, na unyevu wa Kyela ukakilegeza kikawa kama ugali wa jana.

"Mama Asifiwe, nifinyangie wewe," alimwomba. "Chembamba, chenye pembe, na mdomo uwe wazi. Wazi kabisa!"

Ndicho hicho sasa kilichokuwa mbele yake. Pembe mbili, matundu mawili ya macho, na mdomo wazi. Nyuma hakikuwa na kitu. Kilikuwa ganda tu.

Chungu kipya hulishwa. Kingali cha moto, mfinyanzi hukimiminia uji mwepesi ili udongo unywe na vitundu vizibe, kisha husema: "Kula, ushibe, usinidai tena." Pasipo uji, chungu kitavuja. Pasipo maneno... hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaacha. Yalikuwa yanatoka yenyewe, kama amina baada ya sala.

Mkono wa Tulinagwe haukumuuliza. Ulikuwa umelisha vyungu vyote vya jioni ile kwa uji wa pumba uliokuwa kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa imekwisha. Ukainua kikombe cha mtoto, ukamimina uji ndani ya ule mdomo.

Ndipo akajiona. Akacheka peke yake.

"Jamani! Nalisha kofia ya nesi!"

Kicheko kikameza maneno. Hakuyasema.

Akakiinua kinyago kwa ule mti ili uji umwagike upande wa nyuma. Haukumwagika. Akachungulia. Ndani palikuwa pakavu. Majivu ya chini yalikuwa makavu pia.

Akasimama akiwa amekodoa macho. Udongo wa moto ukinywa hulia tssss. Huu haukulia hivyo.

Ulilia... glu.

Kama koo.

* * *

Usiku ulipoingia Asifiwe alilia. Akanyonyeshwa, akalia. Akapikiwa uji, akaumaliza, akafungua mdomo tena kama kifaranga.

"Mtoto ana njaa huyu," alisema mama mkwe wake, Rut, kutoka kwenye kona ya jiko. Rut alikuwa na ulimi wa wembe, ila mikono yake haikukosa kusaidia.

"Amekula sasa hivi, mama."

"Amekula nini? Upepo?"

Tulinagwe aligeuza kichwa. Puani alisikia harufu ya uji ulioungua, na sufuria lilikuwa limeshaoshwa. Harufu ilitoka juu, kwenye dari ya miti, alikokuwa ameweka kinyago.

Kesho yake jioni akakipeleka. Adela alipiga kelele ya furaha hata majirani wakachungulia.

"Mama Asifiwe! Umeniua! Ndaga, ndaga fijo!"

"Umeshajifunza Kinyakyusa, nesi."

"Nimejifunza kushukuru na kuomba punguzo."

Wakacheka. Adela akavaa vazi lote chumbani mwake, magamba ya ndara, mabega ya kakao, joho la magunia, mkononi mwanzi mrefu wenye taya la samaki kichwani. Mwisho akavaa kinyago. Taa ya sola ilikuwa hafifu. Aliyesimama pale hakuwa tena msichana wa kucheka. Alikuwa mrefu. Alikuwa kimya.

Asifiwe akaacha kucheza na kanga ya mama yake.

Kisha mdomo ule wa udongo ukanong'ona.

"Nipe..."

"Nikupe nini, nesi?"

Adela akakivua haraka. "Nini?"

"Umesema nikupe."

"Sijasema kitu." Akajipangusa midomo kwa kiganja, akakitazama kiganja. Palikuwa na uji. Wa uvuguvugu. "Umeweka nini humu, Mama Asifiwe? Mbona kinanukia chakula cha mtoto?"

Tulinagwe alisema ni mabaki ya kazi. Akaaga. Njiani alimhamishia mtoto kifuani. Kwa mara ya kwanza alihisi kwamba Asifiwe ni mwepesi.

* * *

Mtoto aliendelea kula, na aliendelea kupungua. Zahanati walimpima minyoo, hakuwa nayo. Wakampima malaria, hakuwa nayo. Mashavu yalishuka. Macho yakawa makubwa. Tulinagwe aliamka, akapika, akalisha, akafinyanga, akalisha, akalala amekaa na kijiko mkononi. Wanawake wenzake walimwambia maneno ya kumtia moyo, kisha wakimpa kisogo walitazamana.

Siku ya kliniki, Adela alimwomba abaki mpaka wenzake waondoke. Jua lilikuwa limelala juu ya ziwa na chumba kilikuwa chekundu. Adela hakuwa na utani.

"Nataka nikuonyeshe kitu. Usije ukanicheka."

Kutoka chini ya meza akatoa kinyago, akikikumbatia kwa mikono miwili kama anayebeba jiwe.

"Kimezidi kuwa kizito. Juzi nilikivaa kidogo tu, mpaka leo shingo haigeuki."

Mzani wa watoto ulining'inia kwenye boriti, na ile suruali ya kitambaa ambayo watoto huvalishwa wakipimwa. Adela akakitia kinyago ndani ya suruali. Mshale ukazunguka, ukatetemeka, ukasimama.

Ulisimama palepale Asifiwe alipokuwa amefikia kabla hajaanza kupungua.

"Labda mzani..." alisema Tulinagwe.

"Mzani ni mzima."

Wakautazama tena mshale. Nje hapakuwa na upepo. Hata jani halikusogea.

Miguu ya ile suruali tupu ikaanza kutikisika.

Kulia. Kushoto. Kulia. Kama mtoto anayerusha miguu akimwona mama yake.

Adela akakimbilia mlangoni. Tulinagwe hakukimbia. Alikitoa kinyago, akakifunga ndani ya kanga, akakibeba kifuani. Mgongoni alimbeba mtoto. Akatembea kwenda nyumbani katikati ya mizigo hiyo miwili, na wa mbele ndio uliomlemea.

* * *

Rut alisikiliza habari yote bila kuikata, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Ulikilisha?"

"Nilijisahau, mama. Mkono ulizoea."

"Uji wa nani?"

"Wa Asifiwe."

"Na maneno, uliyasema?"

Tulinagwe akainamisha kichwa.

"Kyala, Mungu wangu," alisema Rut taratibu. "Umekipa mdomo, ukakionjesha, halafu hukukiambia kishibe."

"Sasa kinavunjwaje?"

"Gwe, mwanangu, mimi ninavyovijua ni vyungu. Hicho si chungu. Jaribu."

Tulinagwe akachukua mchi. Hakutumia nguvu. Alikigonga tu kwenye paji, ajaribu.

Kitandani Asifiwe akapiga ukelele.

Walipomfunulia nguo, kwenye paji la uso palikuwa na alama nyekundu, ya mviringo, ya ukubwa wa ncha ya mchi.

Rut aliutwaa ule mchi mikononi mwa mkwe wake, akautoa nje. Aliporudi, alikaa kitandani karibu na mtoto.

Adela alipiga simu. "Kitupe ziwani, dada. Panda mtumbwi, nenda mbali, kitupe!"

"Mwanangu hajui kuogelea, nesi," alijibu Tulinagwe, akakata.

* * *

Kesho yake, jua lilipokuwa linazama, alikirudisha kinyago kwenye moto. Alifunika nyasi kidogo, moto wa kukipasha tu, mkono wake ukiwa kwenye shavu la mtoto kusikiliza joto. Mtoto hakuungua. Alilala. Rut alisimama mbali na ndoo ya maji, midomo ikisali.

Moto ulipolala, Tulinagwe akapiga magoti kwenye majivu. Hakuwa amekula siku nzima. Mbele yake aliweka bakuli lake mwenyewe, uji wake, ule ambao alipaswa kuunywa ili maziwa yatoke. Aliutazama. Tumbo lake liliunguruma.

"Kula changu," alinong'ona. "Changu tu. Cha mwanangu uache."

Akamimina.

Glu.

Akamimina tena.

Glu... glu.

Bakuli likaisha. Nyuma ya kinyago hapakudondoka hata tone. Akafumba macho, akayasema maneno aliyoyaacha siku ile, yote, neno baada ya neno, kwa makini, kama mtoto wa shule anayesoma ubaoni.

"Kula. Ushibe. Usinidai tena."

Akangoja.

Majivu yakashuka kidogo.

Kisha mdomo ukajibu, kwa sauti ndogo, ya upole.

"Kesho..."

* * *

Usiku ule Asifiwe alikula vijiko vichache, akacheua, akalala. Baada ya muda mashavu yalirudi. Kwenye mzani mshale ulipanda, na Adela alilia mbele ya wanawake wote, wao wakadhani nesi ana msiba kwao.

Adela alikwenda kwenye mashindano na kinyago kipya cha maboksi, akakipaka rangi ya viatu. Hakushinda. Aliporudi aliuliza jambo moja tu, akiwa amesimama nje ya uzio.

"Kile kitu... bado kipo?"

"Kipo jikoni."

"Na mtoto?"

"Anakula. Anashiba."

"Na wewe?"

Tulinagwe alijifunga kanga vizuri. Siku hizi ilimzunguka mara nyingi zaidi. "Mimi nimezoea."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni, kabla hajatia tonge kinywani, aligawa sahani yake. Nusu yake, nusu ya kinyago. Baadaye nusu ikawa zaidi ya nusu. Hakukuwa na maajabu mengine. Alikuwa tu na mdomo mmoja zaidi wa kulisha, na mwanamke mwenye midomo ya kulisha hana muda wa kuogopa. Yotamu aliporudi kutoka kambini alishangaa jinsi mke wake alivyokauka. Rut alimwambia mwanawe asiulize maswali, akapasue kuni.

Jioni moja, miezi mingi baadaye, Tulinagwe alikuwa uwanjani anaosha vyombo. Mvua ilikuwa imekatika, na milima ilivuta ukungu. Tangu mchana alikuwa akimwambia Rut kwamba mtoto amechelewa kusema, wenzake wa umri ule wanaita watu. Rut akamwambia atasema, hakuna aliyezeeka bubu kwa kutoharakishwa.

Ndipo akasikia.

"Mama."

Neno safi kabisa. Lilitoka jikoni.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Akaacha sahani, akanyanyuka, akatabasamu, akafungua kinywa ili aitike.

Joto dogo likampita shingoni. Likaja, likaenda. Likaja, likaenda.

Ilikuwa pumzi ya Asifiwe, aliyekuwa amelala fofofo mgongoni mwake.

"Mama..."

Alisimama pale, maji yakimdondoka vidoleni. Alifikiria kukimbia. Alifikiria kupiga kelele. Lakini mtoto angeamka, na giza lilikuwa linaingia.

Akafunga kanga ya mtoto kwa nguvu zaidi. Akaokota bakuli.

"Nakuja," alisema.