Chuma cha Tano

Kila akitoka shule, Chiriku alibadilisha nguo, akala, kisha akaingia karakana ya mjomba wake, fundi magita. Siku hiyo alikuta gita jipya mezani. Vyuma vya shingoni vilikuwa vimesongamana kama meno ya kitana.

"Gita la kawaida lina hatua kumi na mbili sawasawa, ndipo sauti ijirudie juu," mjomba alieleza. "Hili lina ishirini na nne. Nimeongeza chuma kati ya kila viwili, tuzipate zile sauti za katikati anazoimba bibi yako. Kesho unampigia gita akiimba shuleni. Kulinganisha nyuzi umeelewa?"

"Nimeelewa."

Wapi. Macho yalikuwa kwenye rangi inayong'aa.

Akabonyeza chuma cha tano kama alivyozoea, akalinganisha uzi unaofuata, hivyo hivyo hadi mwisho. Bibi, aliyekuwa amekaa mlangoni, akaanza kuimba. Gita likaenda njia yake.

"Hilo linamlilia nani?" bibi aliuliza.

"Nyuzi mbovu," Chiriku akajibu.

Mjomba akabadilisha nyuzi zote. Hali ikawa ile ile.

"Basi vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza."

Mjomba akapumua kwa nguvu, akakaza vigingi. Chakula cha jioni kikapoa. Bibi akaimba tena, akakatishwa tena, mwisho akajifunga khanga vizuri na kusimama. "Koo limekauka. Kesho nitaimba bila gita."

Chiriku akahisi machozi yanamlenga. "Mjomba, kwa kweli sijui. Nabonyeza cha tano, kama kwenye gita langu."

Mjomba akaweka koleo chini, akashika kichwa. "Cha tano. Nami nimefungua gita zima. Vyuma ni maradufu, Chiriku. Cha tano cha kule ni cha kumi hapa. Na kwenye uzi ule mmoja ulipozoea cha nne, ni cha nane."

Wakalinganisha upya. Hata karatasi ya wimbo ilikuwa na namba za gita la zamani. Chiriku akazidisha kila namba kwa mbili. Sauti za katikati zikapata namba witiri, ambazo hazikuwa na mwenyewe.

Bibi akashawishiwa kuimba mara moja tu. Alipofika pale anapopindisha sauti, Chiriku akabonyeza chuma cha saba. Gita likampokea palepale. Bibi akafumba macho, akaimba hadi mwisho.

"Kutojua kwako hakukutuchosha," alisema baadaye. "Kilichotuchosha ni ile 'nimeelewa'. Ungesema hujui tangu mwanzo, saa hizi tungekuwa tumeshiba. Haya, kapashe chakula moto."