Zahoro na Kona Zake

Mvua ya Kariakoo haibishi hodi. Ilimkuta Anifa Mtaa wa Kongo, furushi la madera ya dukani kwa mama yake likiwa kichwani, na mlango uliokuwa karibu ulikuwa wa banda la gemu. Akajitosa ndani. Joto, harufu ya chipsi, vijana wamebanana mbele ya runinga.

"Dada, hapa asiyecheza hakai," alisema mwenye banda.

"Atacheza na mimi." Aliyesema alikuwa kijana wa fulana nyeupe iliyopigwa pasi, kofia nyekundu kaigeuza kisogoni. "Mrembo, gari unaliweza?"

Anifa alikuwa mtu wa kutazama vidole vyake akisemeshwa na mgeni. Lakini dukani, wateja wakiadimika, alizoea kucheza mbio za magari kwenye simu mpaka chaji iishe. Akapokea pedi ya kuchezea.

Gari la kijana liliingia kona ya kwanza kwa ubavu, tairi zinalia, moshi umetanda, banda zima likapiga mayowe. La Anifa lilishika breki mapema, likabana ukingo wa ndani, likatoka kimya kimya. Alipomaliza, mwenzake alikuwa bado anaserereka huko nyuma.

"Umeshinda, ila hakuna aliyekutazama," kijana alicheka. "Naitwa Zahoro. Nauza spea za pikipiki Gerezani."

"Umeshindwa, na wote wamekuona," alijibu Anifa, akashangaa sauti hiyo imetoka wapi.

Mvua haijakatika, namba ya simu ilikuwa imeshatolewa.

Wakapendana, na Anifa akaanza kuchoka. Kila Jumamosi banda la gemu, kila Jumamosi ugomvi uleule.

"Breki kabla ya kona, Zahoro! Si ndani ya kona!"

"Haya, mama mwalimu."

Kona mbili angezipita vizuri, gari limeshika barabara kama kupe. Ya tatu, mtu mmoja nyuma akipiga mluzi tu, Zahoro kashavuta breki ya mkono, gari linazunguka kama pia. Anifa alitamani kumtwanga na pedi.

Simu nazo zilikuwa hivyohivyo.

"Mke wangu, umekula?"

"Sijawa mkeo. Mama anauliza wazee wako wanakuja lini."

"Wanakuja, kipenzi. Mbona hata mapenzi unayaendesha kama umebeba trei la mayai?"

"Na wewe unaserereka hata kwenye kuoa."

"Sasa kila kona ukinyoosha tu, raha iko wapi?"

"Raha ni kufika, Zahoro!"

Hatimaye Zahoro akaapa: Jumapili, baada ya alasiri, wazee wanapeleka posa. Mama akafunga duka, akapika biriani, akaazima viti kwa jirani. Anifa akavaa dera la zambarau, hina mbichi viganjani. Alasiri ikapita. Magharibi ikaadhiniwa. Biriani likapoa na viti vikabaki vitupu.

Anifa akafungua simu. Zahoro alikuwa ameweka video: yumo bandani, gari linafuka moshi, marafiki wanamshangilia. Akampigia.

"Uko wapi?"

"Niko gemu, mpenzi. Vipi, mmeshamalizana?"

"Tumalizane na nani? Zahoro, leo umemserereshea mama yangu!"

Akakata, akaizuia namba yake.

Zahoro alipokuja kusimama mbele ya duka, mama alimwaga ndoo ya maji kizingitini. "Pisha, baba, tunadeki."

Katikati ya wiki akaingia baba mdogo Mbaruku, kutoka Buguruni, amenuna.

"Shemeji, mimi ni nani katika ukoo huu? Wazee wanakuja kwangu Jumapili na mshenga, wanamposa binti wa marehemu kaka yangu, sina habari! Nikasema sipigi simu. Nione kama mtanikumbuka."

Mama akakaa chini. "Walikuja kwako?"

"Waende kwa nani? Walii wake wa ndoa si mimi?"

"Na biriani langu je?"

Anifa alikuwa ameshatoka nje na simu.

"Kwa nini hukuniambia wanakwenda Buguruni?"

"Nilijua unajua! Baba hayupo, posa inapelekwa kwa baba mdogo. Kwetu hilo halisemwi."

"Na kwa nini ulikuwa unacheza?"

"Mwoaji haandamani na posa, Anifa. Ningekaa wapi? Nikicheza kwa kushinda, nawaza. Nikiserereka, siwazi."

Hilo Anifa hakuwahi kulifikiria. Hasira haikumwisha, ila ilikosa pa kukaa.

"Unanichosha, Zahoro."

"Najua. Utasemaje?"

"Naulizwa Ijumaa."

Ijumaa chumba kilijaa. Baba mdogo, kanzu imenyooka, akamuuliza mbele ya watu kama anaridhia. Binti anayeolewa mara ya kwanza hajibu. Kimya chake ndiyo ridhaa yake, na kila mtu alimjua Anifa kwa kunyamaza. Shangazi walikuwa wamekwisha vuta pumzi za vigelegele.

Anifa akainua uso. "Nakubali."

Shangazi wakabaki midomo wazi.

"Mwanangu," alisema baba mdogo taratibu, "kimya kingetosha."

"Jumapili kila mtu alinyamaza, baba mdogo, na mmeona tulipofika. Nimesema nakubali. Mpigieni sasa hivi mumwambie, kwa maneno hayohayo."

Mama ndiye aliyeitoa simu.